Mchuchumio ulianza kwa wanaume! Mambo 9 ya kushangaza kuhusu nguo unazovaa

Fungua kabati lako sasa hivi. Pengine kuna tai, suruali ya jinzi, kitenge cha sherehe na kanga mbili tatu za mama. Ni vitu vya kawaida kabisa, si ndiyo?

Lakini kila kimoja kina historia yake, na baadhi ya historia hizo zinachekesha. Nyingine zinasikitisha. Kuna nguo zilizoua, nguo zilizohitaji kibali cha polisi, na nguo zilizotumika kama pesa.

Haya hapa mambo 9 ambayo huenda hukuwahi kuambiwa.

1. Viatu vya kisigino kirefu vilikuwa vya askari

Leo mwanaume akivaa mchuchumio, mtaa mzima utageuka kumtazama. Kumbe waliovipa viatu hivi umaarufu ni wanaume tena wapiganaji.

Wapanda farasi wa Uajemi, nchi inayoitwa Iran leo, walivaa viatu vyenye kisigino kwa sababu ya kazi. Kisigino kilishika vizuri kwenye kikuku, ile pete ya chuma anayokanyaga mpanda farasi. Askari aliweza kusimama juu ya farasi anayekimbia na kurusha mshale bila mguu kuteleza.

Mwaka 1599 Shah Abbas wa Uajemi alituma ujumbe wake Ulaya kutafuta marafiki wa kumsaidia dhidi ya Waturuki. Wakubwa wa Ulaya wakavutiwa na mambo ya Kiajemi, visigino vikiwemo. Matajiri wakavipenda kwa sababu rahisi: ukivaa kiatu cha namna hiyo huwezi kulima wala kubeba mzigo. Yaani kiatu kilikuwa kinasema, "Mimi sifanyi kazi za mikono."

Aliyewazidi wote ni Louis wa 14, mfalme wa Ufaransa. Katika picha yake maarufu iliyochorwa na Hyacinthe Rigaud mwaka 1701, mfalme anaonekana na soksi ndefu nyeupe na viatu vyenye visigino vyekundu. Picha hiyo ipo hadi leo katika makumbusho ya Louvre, Paris.

Wanawake walikuja kuviiga baadaye. Katika karne ya 18 wanaume wa Ulaya wakaviacha, na baada ya hapo dunia ikasahau kwamba viliwahi kuwa vyao.

2. Pinki iliwahi kuwa rangi ya wavulana

Ukienda kumwona mtoto mchanga leo, zawadi inajulikana: wa kike pinki, wa kiume bluu. Watu wanaamini imekuwa hivyo tangu enzi za Adamu na Hawa.

Sivyo. Mwaka 1918 jarida moja la wafanyabiashara wa nguo za watoto nchini Marekani liliwashauri wauzaji kinyume chake. Lilisema pinki ni rangi yenye nguvu, kwa hiyo inamfaa mvulana. Bluu ni laini na ya upole, kwa hiyo inamfaa msichana. Mwaka 1927 jarida la Time lilichapisha orodha ya maduka makubwa ya Marekani, na maduka hayo hayakukubaliana. Baadhi yalisema pinki ni ya wavulana, mengine ya wasichana.

Na kabla ya hapo rangi haikuwa hoja kabisa, kwani watoto wote walivaa magauni meupe. Kuna picha ya mwaka 1884 ya Franklin Roosevelt, aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, akiwa na umri wa miaka 2 hivi. Amevaa gauni na nywele zake ni ndefu. Nguo nyeupe ilikuwa rahisi kuchemsha na kufua, na gauni lilirahisisha kumbadilisha mtoto nepi.

Mpangilio tunaoujua leo ulishika kasi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Maduka nayo yalifaidika. Kama kila jinsia ina rangi yake, mzazi aliyepata wa kike baada ya wa kiume itabidi anunue upya.

3. Tai ilitoka vitani, na ikapigwa marufuku Zaire

Katika Vita vya Miaka 30 barani Ulaya, kati ya 1618 na 1648, askari wa kukodiwa kutoka Croatia walipigana upande wa Ufaransa. Walifunga vitambaa shingoni. Wafaransa wakavipenda, wakaviita "cravate", neno lililotokana na jina la Wakroatia wenyewe. Hiyo ndiyo babu wa tai.

Croatia hawajasahau. Kila tarehe 18 Oktoba wanaadhimisha Siku ya Tai. Mwaka 2003 walifika mbali zaidi: walilifunga tai kubwa jengo la kale la Warumi lililopo mji wa Pula.

Huku Afrika tai iligeuka siasa. Miaka ya 1970 Mobutu Sese Seko, Rais wa Zaire ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, aliona suti na tai ni mabaki ya mkoloni. Akaleta vazi lake, koti lisilohitaji shati wala tai, likaitwa abakosti. Jina hilo limetokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya "suti na ianguke".

Basi mtumishi wa serikali kutokea na tai likawa jambo la kujitafutia matatizo. Mobutu alilegeza mambo mwaka 1990, alipotangaza kuruhusu vyama vingi. Suti zikarudi mitaani Kinshasa, na kwa watu wengi kuvaa tai siku hizo kulikuwa na ladha ya uhuru.

Kitambaa kilekile, maana tofauti kabisa.

4. Paris, mwanamke alihitaji kibali cha polisi kuvaa suruali

Hii inasikika kama utani lakini ni kweli. Tarehe 7 Novemba 1800 mkuu wa polisi wa Paris alitoa amri: mwanamke anayetaka kuvaa kama mwanaume aende kituoni kuomba kibali, akiwa na cheti cha daktari.

Mmoja wa waliopata kibali hicho ni mchoraji Rosa Bonheur. Alikuwa anachora wanyama, na ili awachore vizuri ilibidi aende machinjioni na kwenye minada ya farasi, sehemu zilizojaa wanaume na matope. Gauni refu la wakati ule lingemkwamisha, na pia lingemletea usumbufu. Akapata kibali, akavaa suruali, akafanya kazi. Mchoro wake mkubwa wa mnada wa farasi, aliouonyesha mwaka 1853, upo leo katika makumbusho ya Metropolitan, New York.

Baadaye, mwaka 1892 na 1909, amri ililegezwa kidogo. Mwanamke aliruhusiwa suruali kama ameshika usukani wa baiskeli au hatamu za farasi. Maana yake ni kwamba ukishuka kwenye baiskeli, unarudi kuwa mhalifu!

Amri ilisahaulika ikabaki kwenye makaratasi. Hadi tarehe 31 Januari 2013 ndipo waziri wa haki za wanawake wa Ufaransa, Najat Vallaud-Belkacem, alipotamka rasmi kwamba haina nguvu tena. Mji unaojiita makao makuu ya mitindo ulichukua zaidi ya miaka 200 kumalizana na suruali.

5. Kulikuwa na gauni la kijani lililoua

Mwaka 1775 mkemia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, alitengeneza rangi ya kijani iliyong'aa kuliko zote za wakati wake. Shida ni moja tu: ndani yake kulikuwa na aseniki, sumu kali.

Ulaya ikaipenda. Katika karne ya 19 rangi hiyo na nyingine za jamii yake ziliingia kwenye magauni, karatasi za ukutani, midoli na maua bandia ya kupamba nywele.

Waliolipa gharama kubwa si mabibi waliocheza dansi na magauni hayo. Ni wasichana waliokuwa karakana wakipaka unga wa kijani kwenye majani bandia kwa mikono mitupu. Mwaka 1861 mmoja wao, Matilda Scheurer wa London, alifariki akiwa na miaka 19. Waliomshuhudia walisema alitapika maji ya kijani, na weupe wa macho yake uligeuka kijani.

Watengeneza kofia nao walikuwa na msiba wao. Walitumia zebaki kulainisha manyoya, na mvuke wake ukawaletea kutetemeka mikono na kuvurugikiwa akili. Inasemekana ndiyo maana Waingereza hadi leo wana msemo unaomtaja mtu mwehu kuwa kama mtengeneza kofia.

Wakati mwingine unapojiuliza kwa nini nguo fulani ni nzuri hivyo kwa bei hiyo, swali la nani aliishona bado lina maana.

6. Merikani ilikuwa pesa, na hongo haikuwa rushwa

Wazee wa pwani wanalijua neno merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi. Jina linajieleza lenyewe: kilitoka Marekani.

Mwaka 1833 Sayyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani. Mwaka 1837 Marekani ikafungua ubalozi mdogo Zanzibar. Meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, zikawa zinashusha majora ya merikani na kupakia pembe za ndovu, ambazo kule ziligeuzwa vitufe vya piano na vitana.

Kutoka pwani, misafara iliibeba merikani hadi Tabora na Ujiji. Huko bara kitambaa, shanga na nyaya vilikuwa ndiyo fedha yenyewe. Ulinunua chakula kwa vipande vya nguo, ukawalipa wapagazi kwa nguo. Ukipita kwenye nchi ya mtemi, ulimlipa ushuru wa njia ulioitwa hongo. Ndiyo, ni neno hilohilo. Zamani lilikuwa malipo ya wazi, leo ni kosa la jinai.

Sasa hapa ndipo pa kusimama kidogo. Pamba ya merikani ililimwa na watumwa Waafrika katika majimbo ya kusini ya Marekani, ikafumwa Massachusetts. Kisha ikaja Afrika Mashariki, na baadhi ya misafara iliyoibeba ilirudi pwani na pembe pamoja na watumwa wengine. Mwafrika mmoja alilima pamba kwa lazima, mwingine akauzwa kwa kitambaa kilichotokana nayo.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata usambazaji. Vitambaa kutoka India vikachukua nafasi, lakini jina merikani likabaki.

7. Kanga imepewa jina la ndege

Kanga ni vazi, lakini kanga pia ni yule ndege mwenye madoadoa. Hilo si jambo la bahati. Inaelezwa kuwa vitambaa vya mwanzo vilikuwa na madoa meupe kama manyoya ya ndege huyo, watu wakaviita hivyo.

Mombasa wengi wanasema leso, neno lenye asili ya Kireno. Wanawake wa pwani katika karne ya 19 walinunua leso za mkononi zikiwa bado hazijakatwa, wakaziunga kwa sindano kupata kitambaa kipana. Wafanyabiashara wakaona fursa, wakaanza kuagiza kitambaa kizima kilichochapwa. Kwa maneno mengine, wabunifu wa kwanza wa kanga ni kina mama wenyewe.

Kulikuwa na kitu kikubwa zaidi ya urembo. Zanzibar, watumwa walivaa merikani na kaniki, nguo duni zisizo na maua. Utumwa ulipofutwa rasmi mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa walizikimbilia kanga. Kuvaa maua na rangi kulikuwa tangazo: mimi sasa ni mtu huru, nami ni mwenyeji wa mji huu.

Maneno ya kwanza kwenye kanga yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye zikaja za Kirumi. Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa chapa ya "Mali ya Abdulla", ndilo linalotajwa sana katika historia ya misemo hiyo.

Hadi leo kanga ina pindo, mji na jina. Inauzwa kwa doti, kipimo kilekile cha nguo kilichotumika enzi za misafara. Na bado inasema yale ambayo mdomo hauwezi. Jirani akianika "Hasidi hana sababu" upande wa dirisha lako, usijifanye hujui kusoma.

8. Kitenge kimepita Uholanzi

Ukitaka kuonyesha Uafrika wako kwenye harusi, unavaa kitenge. Lakini safari ya kitambaa hiki inashangaza.

Asili ya mtindo wake ni batiki ya kisiwa cha Java, Indonesia, ambako watu huchora kwa nta kisha hutia rangi. Wakati huo Java ilikuwa koloni la Uholanzi. Viwanda vya Ulaya vikaamua kuiga batiki kwa mashine ili vipate kuuza kwa bei rahisi. Kimojawapo ni Vlisco, kilichoanzishwa mwaka 1846 katika mji wa Helmond, Uholanzi.

Soko lililong'aa halikuwa Java. Lilikuwa Afrika Magharibi, kuanzia mwishoni mwa karne ya 19. Wanawake wafanyabiashara wa huko walichagua michoro, wakaipa majina na hadithi zake, na kuamua ipi itauzwa na ipi itaozea dukani. Vlisco ipo hadi leo, bado Helmond.

Msanii Yinka Shonibare, Muingereza mwenye asili ya Nigeria, amejipatia jina duniani kwa jambo hilihili. Anachukua vitambaa hivi, ambavyo hununua sokoni Brixton, London, na kuvishonea magauni na makoti ya kizungu ya zamani. Ni njia yake ya kuuliza: hapa kilicho cha Afrika ni kipi na cha Ulaya ni kipi?

Je, kitenge si chetu basi? Swali zuri. Chai nayo ilitoka Asia, na hakuna anayebisha kwamba chai na chapati ni mambo ya kwetu.

9. Serikali iliwahi kupambana na vimini na shuka kwa wakati mmoja

Tumalizie nyumbani Tanzania.

Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia Januari 1969, vimini, wigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua vilitakiwa kutoweka Dar es Salaam. Sababu iliyotolewa: havikuwa utamaduni wa Mtanzania. Hata kabla ya siku yenyewe kufika, magenge ya vijana yaliwavamia wanawake mitaani na kwenye mabasi.

Sasa sikia kichekesho. Mwaka mmoja hivi kabla ya hapo, ilikuwepo operesheni nyingine kwa Wamasai. Wao waliambiwa waache lubega na rangi nyekundu ya kujipaka, wavae suruali kama watu wa kisasa. Msichana wa mjini alikuwa wa kisasa kupita kiasi, na Mmasai alikuwa wa asili kupita kiasi. Ukipima kwa makini, utaona haikuwa rahisi kujua Mtanzania kamili alitakiwa avae nini.

Tanzania haikuwa peke yake. Uganda ya Idi Amin ilipiga marufuku vimini mwaka 1972. Malawi ya Kamuzu Banda ilikataza wanawake kuvaa suruali na sketi fupi, sheria iliyodumu hadi miaka ya 1990.

Na si mambo ya zamani tu. Novemba 2014, wanawake waliandamana Nairobi baada ya wenzao kuvuliwa nguo hadharani na wanaume waliodai wamevaa vibaya. Kaulimbiu yao ilikuwa moja: nguo yangu, uamuzi wangu.

Kwa hiyo?

Kiatu cha askari kimekuwa cha bibi harusi. Rangi ya wavulana imekuwa ya wasichana. Kitambaa cha Uholanzi kimekuwa vazi la Mwafrika, na kanga iliyozaliwa na leso za kuunga imekuwa bendera ya uhuru.

Nguo hubadilika maana kila siku, na kwa kawaida hakuna anayeumia. Maumivu huanza pale mtu mmoja anapojipa cheo cha kuamua mwenzake avae nini, kisha anaita uamuzi wake "mila".

Basi siku utakaposikia mtu stendi anamzomea dada wa watu eti nguo yake "si ya kwetu", mwangalie na yeye kuanzia juu hadi chini. Suruali, mkanda, tisheti, raba. Halafu muulize taratibu: hivyo vyako ni vya wapi?